Ni Nguo za Dada Yangu Tu

Gitega, 2 Machi 1998

Mdogo wangu Shakuru,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta na afya yako, na Mama pia, pamoja na goti lake. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Khadidja amepoteza meno mawili ya mbele, sasa akitaja jina lako anatema mate, na anataja jina lako mara nyingi maana mtaa mzima anauambia kwamba mjomba wake anaendesha ndege. Mimi sijasema kwamba bado unafundishwa. Nimewaacha waniheshimu kidogo.

Ninalokuandikia ni mashine yangu ya kushona. Unajua niliileta kwa Mama mwaka ule Hamimu wangu alipouawa njiani, nikarudi Gitega na msafara wa wanajeshi bila hiyo, kwa sababu walikataa mizigo. Tangu siku ile nashona kwa mkono. Sasa Idi ya kuchinja inakaribia, wanawake wananiletea vitambaa, na shule ya hapa inataka sare za watoto. Nikisema sina mashine wataenda kwa mwingine. Shakuru, nimekuwa mjane wa kupewa chakula na majirani, na majirani wenyewe wamechoka. Mashine ile ndiyo itakayonitoa hapa.

Mawazo, dereva anayekuletea barua hii, hapakii tena mzigo wa mtu tangu lori la mbele yake lilipochomwa pale Bugarama. Anakubali barua tu, kwa kuwa inaingia mfukoni. Lakini nyinyi mnakuja Gitega na dawa za hospitali. Nimewaona mkitua. Ndege ile haiwezi kukosa nafasi ya mashine moja.

Msalimie Mama. Usimwambie kwamba nimekonda.

Dada yako, Mwanasiti


Bujumbura, 13 Machi 1998

Dada yangu Mwanasiti,

Wa alaikum salaam. Barua imefika ikiwa imekunjwa ndani ya kofia ya Mawazo, inanuka jasho lake, lakini nimeisoma yote. Mama ni mzima. Goti linamsumbua siku za mvua, ila ulimi hauumwi popote. Juzi walipigana upande wa Kinama tukalala chini ya kitanda, na risasi zote zile hazikumzuia kunigombeza kwa vumbi alilolikuta kule.

Khadidja hasemi uongo. Ninaendesha. Kwa sababu ya vikwazo petroli ya ndege haipatikani, kwa hiyo kampuni haina tena safari za mafunzo. Kapiteni Astère ananifundishia kwenye safari hizi hizi za dawa. Akiamka vizuri ananiachia niondoe ndege mwenyewe, yeye amekunja mikono. Magurudumu yanapoacha ardhi mimi hucheka peke yangu, siwezi kujizuia. Kwa dakika chache sina vita.

Kuhusu mashine kuna tatizo. Kapiteni hataki mizigo ya jamaa. Angeikubali ya mmoja, Bujumbura nzima ingepanga foleni na magunia ya samaki wa ndagala. Tena kuna Népomuscène, fundi wetu, yule baba wa Kamenge anayekuja kazini kwa miguu. Kila katoni anaipima kwenye mizani ya kahawa, kisha anafunga neti juu ya mzigo kwa mikono yake, na akishafunga hakuna anayegusa.

Nilimweleza Mama hivyo. Unamjua. Alisema: "Kapiteni ndiye alikuzaa? Weka tu kule nyuma. Mutoto wa dada yako atakula mizani?" Halafu akalia. Nifanye nini mbele ya machozi ya Mama? Jumanne ya tarehe 24 tunakuja. Kaa uwanjani na mtu wa kubeba. Meza ya mbao nitaiacha, nitaleta kichwa na miguu ya chuma.

Mdogo wako rubani, Shakuru


Gitega, 26 Machi 1998

Shakuru,

Assalaam alaikum, na Mungu akujalie uwe unaisoma barua hii kwa macho yako.

Jumanne nilikuwa uwanjani tangu asubuhi, mimi na Khadidja na kijana wa toroli. Muuguzi wa hospitali alikuwa pale pia, anasubiri maji ya mishipa kwa wagonjwa wake. Tulitazama juu mpaka shingo zikauma. Baadaye muuguzi aliondoka bila kusema kwaheri. Jioni redio ilitangaza kwamba ndege ndogo imeanguka Bujumbura ikiondoka, na mtu mmoja amekufa. Jina hawakulitaja.

Khadidja ananiuliza kama ni ndege ya mjomba. Nimemwambia Bujumbura ina ndege nyingi. Tafadhali niandikie hata neno moja, au Mama aandikishe. Sitaki mashine tena. Sitaki kitu.

Mwanasiti


Bujumbura, 19 Aprili 1998

Dada,

Wa alaikum salaam. Ni mimi, niko hai. Ukiona mwandiko kama wa mtoto ni kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevunjika na mbavu pia. Mama hajambo. Idi tuliisali, kuchinja hatukuchinja. Msafara ulisimamishwa wiki nyingi, ndiyo maana nimechelewa, usidhani nilikusahau.

Aliyekufa ni Kapiteni Astère.

Alikuwa ameniambia, "Leo ondoa wewe." Tulipopata mwendo pua ilipanda kabla sijaivuta. Nikasukuma usukani mbele, haukwenda, ulikuwa mgumu kama kuna mtu kaushika kutoka nyuma. King'ora kikaanza kulia. Kapiteni naye akaukamata, tukasukuma wawili, naona mishipa ya shingo yake imesimama. Kisha bawa la kushoto likalala. Tulianguka kwenye matete ya pembeni. Népomuscène alikimbia tangu karakana mpaka pale, akanitoa kupitia dirishani, petroli inamwagika juu ya mikono yake. Alirudi kumtoa Kapiteni akamkuta amekwisha. Watu wakajaa. Wengine walikuja kusaidia, wengine kuchukua. Katoni za dawa, viti, hata redio ya ndege, vyote vilikwenda kabla wakubwa hawajafika.

Kesho yake walimkamata Népomuscène. Wanasema aliharibu nyaya za mkia kwa makusudi, kwamba mtu wa Kamenge, mtaa wanaouita wa waasi, hawezi kushika ndege ya dawa akaacha kuihujumu, kwamba ana shemeji aliyeingia msituni. Labda anaye, nani leo hana?

Mashine yako usiihofie. Siku ile sikuipakia. Ilibaki nyumbani.

Shakuru


Gitega, 17 Mei 1998

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi kwamba u hai. Nilisali rakaa mbili kisha nikalala mchana kutwa, jambo ambalo sijalifanya tangu niolewe. Khadidja anakupa pole ya mkono, na amechora ndege, lakini siitumi.

Sasa nisikilize. Mashine imefika. Mama alimlilia Mawazo mpaka akaipakia chini ya viazi. Nilipofungua kitenge, nilikuta gurudumu la mkono limepinda. Ndani ya kichwa kuna tope lililokauka na vipande vya matete. Mguu mmoja wa chuma una mkwaruzo mrefu uliokwenda ndani, kama uliosuguliwa na waya kwa nguvu. Na kitenge kinanuka petroli, siyo ile ya lori, nyingine kali zaidi.

Nimempa fundi wa baiskeli akanyoosha gurudumu, akapiga tupa mguu ule usinichane. Ninashona. Sare nimeanza. Lakini Shakuru, kitu kilichobaki nyumbani kwa Mama hakiingii matete.

Nijibu jambo moja: ilikuwa ndani ya ndege au haikuwa?

Mwanasiti


Bujumbura, 7 Juni 1998

Dada yangu,

Tunaendelea vizuri. Mvua zimekatika, joto limeanza. Mkono umefunguliwa plasta, haunyooki wote. Majirani wetu wote wanakusalimu, hasa mama Chanelle wa maandazi.

Ilikuwa ndani.

Nilisubiri Népomuscène amalize kufunga neti, aende kufunga tundu la petroli. Magunia yangu mawili niliyasukuma nyuma kabisa ya neti, kwenye kona inayoelekea mkiani. Akanikuta bado nimeinama. Aliniuliza, "Ni nini ile unaweka?" Nikamwambia, "Ni nguo za dada yangu tu." Akatikisa kichwa, akacheka, akasema, "Basi dada yako atapendeza," akafunga mlango. Angekuwa fundi mwingine angenyanyua gunia. Yeye aliniamini, kwa sababu tangu niingie pale ananiita mwanangu.

Sijui kama mguu wa chuma uliteleza ukaingia kwenye nyaya. Ninajua. Nimeandika sijui, halafu nimeona aibu. Ninajua.

Mama aliikuta mashine sokoni siku chache baadaye, imetandazwa chini pamoja na vyuma vingine. Aliitambua kwa mikono yake mwenyewe. Akaibeba, akaiweka uvunguni, akaifunika. Hakuniuliza kitu na mimi sikumwambia kitu. Tunakula pamoja kila siku na hatujalitaja.

Dada, usinitazame vibaya. Nikisema, watanifunga mimi, na Mama ndiye aliyeniambia nipakie, watamwita naye. Na jina lako litaingia. Népomuscène hana kosa, kwa hiyo hawawezi kupata ushahidi, watamwachia. Kila mtu hapa anasema watamwachia. Barua hii ichome.

Shakuru


Gitega, 21 Juni 1998

Shakuru,

Salaam. Barua nimeichoma kama ulivyotaka.

Nani huyo anayesema watamwachia? Hamimu alitolewa kwenye basi na watu ambao hawakuhitaji ushahidi. Mtu wa Kamenge yuko ndani, amesingiziwa kumuua rubani wa dawa, na wewe unangoja haki ije yenyewe kwa miguu! Mtu aliyekutoa dirishani, petroli mikononi! Nimekulea, nimekufuta kamasi, sikudhani siku moja nitakuonea haya.

Mashine niliomba mimi. Ukienda, sema na jina langu, waandike vizuri: Mwanasiti, mjane wa Hamimu, Gitega. Mama muachie Mungu na mimi. Kila siku ninakanyaga chuma kile kwa sababu Khadidja lazima ale, na kila nikikanyaga ninakuchukia kidogo, kisha ninakulilia. Siwezi kuendelea hivi. Nenda ukaseme.

Dada yako


Gitega, 2 Agosti 1998

Mawazo amekuja mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza nilimwambia labda barua yako imeanguka kutoka kofiani. Mara ya pili aliniambia alikuona sokoni, ukageuka ukapita nyuma ya maduka.

Sisi wazima. Msalimie Mama.

Mwanasiti


Bujumbura, 30 Agosti 1998

Dada yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Ni kweli nilipita nyuma ya maduka. Mama anaumwa mgongo, anatembea kwa kushika ukuta. Mambo mengine ya nyumbani ni ya kawaida. Nakuandikia haya kwa utaratibu, tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Kwanza nilikwenda gerezani kumwona Népomuscène. Nilibeba mkate. Nilitaka kumwambia yeye kabla ya wakubwa, niliona ndiyo adabu. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, anakohoa na kifua kinabaki kikipiga baada ya kikohozi kwisha. Kabla sijafungua mdomo alinishika mkono mbovu akautazama, akaniomba msamaha.

Aliniomba msamaha mimi. Siku mbili kabla ya ajali alikaza zile nyaya za mkia, na sasa anakumbuka kwamba spana yake moja hakuiona tena. Sanduku lake liliibiwa lote siku ile, spana haziko hata moja, atajuaje ipi ilikosekana kabla? Lakini amefikiri usiku na mchana mpaka ameiona kwa macho yake ikiwa imelala pale mkiani. "Mi ndiye nilisahau," alisema. "Kapiteni alikufa juu ya kosa yangu. We ulivunjika juu yangu." Tayari alikuwa amewaambia hivyo wachunguzi. Alidhani akikubali kusahau wataacha kumwita muuaji. Wao wameandika kwamba amekiri.

Sikusema, dada. Mkate niliuacha nikatoka. Hapo ndipo nilipokuwa nikipita nyuma ya maduka.

Jumatatu ya tarehe 10 nilikwenda kwa ofisa wa uchunguzi. Nilimwambia yote: magunia, miguu ya chuma, uongo wangu wa nguo, na jina lako kama ulivyosema. La Mama sikulitaja. Alinisikiliza vizuri, nisimsingizie. Akauliza mashine iko wapi. Nikasema iko Gitega, inashona. Gurudumu? Limenyooshwa. Mkwaruzo? Umepigwa tupa. Akamtazama karani wake, wakacheka. Akasema, "Unataka nipite Bugarama na wale watu juu ya mulima, niende kuangalia sherehani ya dada yako?"

Nilikataa kuondoka. Nikasema aitwe Népomuscène, aulizwe kama sikuweka mzigo. Mungu anisamehe, nilifikiri hapo ndipo nitakapomwokoa.

Wakamleta. Ofisa akamweleza niliyosema. Népomuscène akanitazama, machozi yakaanza kumtoka, akasema: "Apana, patron. Uyu mutoto iko na roho muzuri. Anataka anitoe mu buroko. Mi nilimuona akiweka mizigo, ni kweli, lakini ilikuwa nguo za dada yake."

Nikasema ilikuwa chuma. Nikasema nilikudanganya, baba. Nikainua mkono niape kwa Msahafu.

Akanizuia. "Usiape uongo juu yangu, mwanangu, ni zambi. Mi nilikuuliza, we ukaniambia ni nguo. We ungenidanganya mi?"

Nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sauti, dada, nilipiga kelele mpaka askari aliingia. Népomuscène alinitikisia kichwa kama baba anavyomtikisia mtoto anayekataa dawa. Akaomba ruhusa anipe mkono kabla hawajamrudisha. Ofisa akaruhusu. Nilimpa mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akanambia nisirudi pale tena, nisije nikajiharibia maisha kwa ajili ya mzee aliyesahau spana.

Ofisa alinisindikiza mlangoni. Akasema kijana mwenye huruma namna ile ni nadra siku hizi, na kwamba faili limekwisha kwenda kwa hakimu. Nimeandika mara mbili tangu hapo. Hawajanijibu. Nimekwenda, wananiambia nirudi nyumbani nikapumzike.

Jana Concilie, mke wa Népomuscène, alikuja kwetu kutoka Kamenge. Habari ilimfikia kwamba kuna mtoto wa mtaa wetu wa Buyenzi aliyejitolea kufungwa badala ya mume wake. Alileta kapu la maharagwe na mkungu mdogo wa ndizi, yeye ambaye watoto wake wamevaa magunia. Alimpigia Mama magoti, akamshukuru kwa kuzaa mtu kama mimi. Nilisimama mlangoni nikafungua mdomo. Mama akanitazama, akaniwahi. Alimwinua yule mama kwa mikono miwili, akamwambia, "Karibu sana, ndugu yangu." Akapokea kapu.

Jioni alipika. Tulikaa, tukala, mimi na Mama. Yalikuwa maharagwe mazuri.

Shakuru